Kulaza na Kupenyeza: Historia ya Istilahi za Ujenzi wa Mabomba Bila Kupasua Ardhi

Miongoni mwa nyanja za kiufundi ambazo wanaistilahi wa Kiswahili wamezigusa kwa nadra ni ile ya ujenzi wa mabomba ya majisafi, majitaka na gesi yanayopitishwa chini ya barabara, mito na majengo pasipo kuifumua ardhi ya juu. Mhadhara huu unaiangalia nyanja hiyo kwa jicho la historia ya maneno. Hoja yake ni kwamba ugumu wa kuitaja kazi hii kwa Kiswahili hautokani na ufukara wa msamiati, kama inavyodaiwa kila teknolojia mpya inapoingia. Unatokana na wingi wa historia iliyobebwa na nomino tatu ambazo mtafsiri huzikimbilia kwanza, yaani handaki, mtaro na mfereji. Nomino hizo zikiwekwa kando na vitenzi vikapewa nafasi, lugha huonekana kuwa ilikwishajiandaa.

Jina lililojengwa kwa ukanushi

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko jina lake. Mnamo 1985 wahandisi wa nchi mbalimbali walikutana London katika kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu mbinu hizi, na mwaka uliofuata chama chao cha kimataifa kikaundwa. Kabla ya hapo kila mbinu ilikuwa na jina lake na mafundi wake, na aliyesukuma mabomba chini ya reli hakujiona kuwa ni wa ukoo mmoja na aliyekarabati mabomba ya majitaka yaliyochakaa. Kilichowaunganisha ni kile ambacho wote hawakukifanya. Waingereza wakalichukua neno lao la shimo refu la wazi, wakalikanusha kwa kiambishi tamati, na hapo taaluma ikapata jina. Wajerumani walisema grabenlos, Wafaransa sans tranchée, Wahispania sin zanja. Muundo ni ule ule: shimo refu limetajwa ili likataliwe.

Mashariki ya mbali mambo yalikuwa tofauti kidogo, na tofauti hiyo ina faida kubwa kwa mwanaistilahi wa Kiswahili. Jina la Kijapani, hikaisaku, na lile la Kichina, feikaiwa, hayakanushi shimo bali yanakanusha tendo la kufungua na kuchimba. Kwa Mjapani na Mchina, kinachokosekana ni ule mpasuo wa juu. Umbo la kitu kinachoachwa ardhini halitajwi.

Handaki, mtaro na mfereji

Mtafsiri wa Kiswahili aliyezoea kupitia Kiingereza hufuata njia ya Ulaya, akatafuta nomino ya kukanusha. Ya kwanza kumjia ni handaki. Neno hili limetoka katika Kiarabu, khandaq, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kiajemi, ambamo asili yake ina maana ya kitu kilichochimbwa. Waislamu wa pwani wamelifahamu hasa kwa Vita vya Handaki vya mwaka 627, pale mji wa Madina ulipokingwa kwa shimo refu kwa ushauri wa Salman, sahaba aliyetoka Uajemi. Inavutia kuona kwamba katika simulizi hiyo neno na mbinu vimetoka nchi moja. Handaki la Madina lilikuwa wazi juu, na kazi yake ilikuwa kuwazuia wapanda farasi wasipite.

Hata hivyo, neno halikubaki hapo. Vyombo vya habari vya Tanzania vilipoeleza ujenzi wa reli ya kisasa katika milima ya Kilosa, vilizungumzia mahandaki, na msomaji hakuyaona mashimo ya vita. Aliona njia zilizotobolewa ndani ya mlima ili treni ipite. Kwa hiyo neno moja sasa lina maana mbili zinazokinzana. Handaki la kwanza liko wazi na linazuia njia, handaki la pili limefunikwa na ndilo njia yenyewe. Upanuzi wa maana wa namna hii ni wa kawaida katika lugha zote na hauna lawama. Lakini mtu akiandika "ujenzi wa mabomba bila handaki", msomaji mmoja ataelewa kwamba ardhi haitapasuliwa, na mwingine ataelewa kwamba hakuna njia itakayotobolewa chini, ilhali kutoboa njia chini ndiyo kazi yenyewe. Istilahi inayoweza kusomwa kwa maana yake na kwa kinyume chake haiwezi kukidhi kigezo cha usahihi, ambacho ndicho cha kwanza katika orodha ya PEGITOSCA wanayoifahamu wanafunzi wa istilahi.

Mtaro una taabu nyingine. Mafundi wa mabomba hulitumia neno hili kila siku, na mtaro wa bomba unaeleweka kuwa ni ule unaochimbwa, ukawekwa bomba, kisha ukafukiwa. Lakini mkazi wa mji anaujua mtaro kuwa ni njia ya maji ya mvua kando ya barabara. Akiambiwa kuwa mtaa wake utapata mradi wa majitaka "usio na mtaro", mkazi wa bondeni ambaye nyumba yake hufurika kila masika atakuwa na haki ya kulalamika.

Mfereji ndio wenye historia tamu zaidi. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kwa njia iliyojengwa, na matumizi ya Kiswahili cha Unguja na cha Mombasa yakaendelea kulivuta neno mfereji kutoka kwenye njia ya maji hadi kwenye koki inayotoa maji hayo. Maji ya mfereji ni yale ambayo Dar es Salaam huitwa maji ya bomba. Mtu wa Mombasa anaufungua na kuufunga mfereji kwa mkono wake, hivyo kumwambia kuwa bomba litapitishwa bila mfereji ni kumwambia kwamba halitakuwa na mahali pa kutekea.

Oman, alikotoka ukoo wa Barghash, ilikuwa imejua kwa karne nyingi kuchimba njia ya maji bila kuipasua ardhi. Katika aina ya falaj iitwayo daudi, visima huchimbwa kwa mstari kutoka chanzo cha maji kilichoko mbali, kisha wachimbaji huunganisha visima hivyo kwa chini, na maji hutiririka gizani hadi yatokeze shambani. Mifumo mitano ya aina mbalimbali za falaj iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Neno falaj limefungamana na mzizi wenye maana ya kugawa, kwa kuwa jambo kuu kwa wenyeji lilikuwa zamu na mafungu ya maji. Jina halikutokana na shimo wala na ukosefu wa shimo.

Bomba hulazwa wapi?

Wizara na mamlaka za maji nchini Tanzania zina kitenzi kimoja kinachorudiwa katika taarifa zao zote, nacho ni kulaza. Mabomba hulazwa, na ulazaji wa mabomba ni kifungu cha kawaida cha bajeti. Kitenzi hiki hakikutungwa na kamati yoyote. Kimetoka kwa mafundi, na kimebeba picha kamili ya kazi ya zamani: mtaro umefunguliwa kama kitanda, mchanga umetandikwa chini yake, bomba likashushwa kutoka juu, likalala, kisha likafunikwa. Ni sitiari nzuri, na imefanya kazi kwa miaka mingi bila mtu kuitazama mara mbili.

Katika ujenzi usiopasua ardhi sitiari hiyo huvunjika. Bomba halishushwi kutoka juu. Huingizwa kutokea ubavuni, kwa kusukumwa au kuvutwa, na halilali hata mara moja hadi kazi iishe. Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo: kupenya, na utendeshi wake kupenyeza. Kupenya ni kupita mahali pembamba palipozingirwa pande zote. Anayepenya haharibu alipopita, na anayetazama kwa juu huenda asijue kuwa kuna aliyepita. Tofauti kati ya ulazaji na upenyezaji wa mabomba inabeba kwa neno moja moja kile ambacho lugha za Ulaya zimekieleza kwa kukanusha.

Kipo kipingamizi, nacho si cha kisarufi. Waswahili husema penye udhia penyeza rupia, na kupenyeza kumebaki na harufu ya mlungula. Zabuni ya upenyezaji wa mabomba inaweza kuwachekesha wasikilizaji kwa sababu isiyohusiana na uhandisi. Hata hivyo, kichekesho hicho ni kidogo kuliko mkanganyiko wa handaki, na maneno mengi ya heshima yalianza safari yao yakiwa na madoa makubwa zaidi.

Kwa upande wa ukanushi, mitaani tayari yapo maneno kukata barabara na kupasua barabara. Anayetaka kuvusha bomba hutakiwa kuwa na kibali cha kukata barabara. Kwa hiyo "bila kukata barabara" na, kwa upana zaidi, "bila kupasua ardhi", ni semi zinazoeleweka papo hapo na meneja wa mradi na muuza machungwa kando ya njia. Nazo zinafuata muundo wa Kijapani na Kichina, wa kukanusha tendo, ingawa hazikuazimwa huko.

Ngao, jeki na fuko

Chini ya jina kuu kuna majina ya mbinu na zana, na hapa ndipo sitiari za lugha mbalimbali zinapopishana. Marc Brunel alipata hataza ya ngao yake ya kuchimbia mwaka 1818, akaitumia chini ya mto Thames kuanzia 1825 hadi njia ilipofunguliwa mwaka 1843. Katikati ya kazi maji yalivunja na kuingia zaidi ya mara moja, na gharika ya 1828 iliua watu sita. Inasimuliwa kuwa wazo lake lilitokana na yule kiumbe wa baharini atoboaye mbao za vyombo, ambaye mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki walipambana naye kwa kupaka deheni chini ya majahazi yao. Kiumbe huyo hutoboa kwa kichwa chenye gamba gumu, na huku nyuma huipaka chokaa njia aliyoipita ili isimbane. Ngao ya Brunel ilifanya vivyo hivyo, wachimbaji mbele na waashi wa matofali nyuma yao. Neno ngao halina shida katika Kiswahili, ila ieleweke kwamba ngao hii haimkingi mtu na adui aliye mbele peke yake, bali na dunia nzima iliyo juu ya kichwa chake. Mwaka 1869 Peter Barlow na James Henry Greathead walitumia ngao ya duara kupitisha njia nyembamba chini ya mto huo huo, na umbo la duara likawa ndilo la kawaida.

Mbinu ya kusukuma mabomba yenyewe ilianza Marekani mwishoni mwa karne ya 19, pale kampuni ya reli ya Northern Pacific ilipohitaji kuvusha mabomba ya zege chini ya njia zake bila kuyasimamisha magari. Waingereza waliipa mbinu jina la chombo, yaani jeki. Wajerumani waliipa jina la mwendo: Rohrvortrieb, kuliendesha bomba mbele. Kiswahili kilikwishapokea jeki kupitia gereji, na mtego uko hapo hapo. Kupiga jeki ni kuinua. Gari hupigwa jeki, na kwa sitiari mtu aliyekwama kimaisha naye hupigwa jeki akainuka. Bomba "lililopigwa jeki" litafikiriwa kuwa limenyanyuliwa, ilhali limesukumwa kwa ulalo. Usukumaji wa mabomba, kwa mtazamo wa Kijerumani, ni istilahi salama zaidi. Jeki ibaki kuwa jina la chombo.

Neno bomba lenyewe lilikuja na Wareno, kwao likiwa na maana ya mashine ya kuvuta maji. Waswahili waliliongezea bomba la kupitishia, bomba la moshi, bomba la sindano na koki ya maji, na mzigo ulipozidi wakakopa pampu ili kuutua mmoja. Utenganisho huo haukuamriwa na chombo chochote cha lugha. Watumiaji waliona haja, nao wakaitimiza.

Kuhusu zana ya kugonga inayojisukuma ardhini kwa nguvu ya hewa, kila lugha imejifunua yenyewe. Wapolandi waliiita kret, yaani fuko, na Waingereza nao wakaiita kwa jina la mnyama huyo huyo. Wajerumani wanaiita Erdrakete, roketi ya ardhini. Warusi, kwa ukavu wa kiofisi, wanaiita kitobozi cha hewa. Mtafsiri wa Kiswahili hushawishika kuchukua fuko, na kwa kiasi kikubwa yuko sahihi, kwani neno linafahamika na linakaa vizuri kinywani karibu na fukua na fukia. Lakini fuko wa Afrika Mashariki si yule wa Ulaya, ambaye hapatikani kabisa kusini mwa Sahara. Wa huku ni wa jamii ya panya, huchimba kwa meno, na huutupa udongo juu akaacha vifusi vinavyomchukiza mkulima wa mihogo. Zana inayozungumzwa haitupi udongo. Huubana pembeni, na ndiyo sababu haifai kupita karibu sana na msingi wa nyumba au bomba jingine. Fundi aliyefundishwa kuwa hilo ni fuko asije akasubiri kifusi.

Rubani na bitana

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkandarasi Martin Cherrington alivusha bomba la gesi chini ya mto Pajaro, California, kwa kutoboa njia inayoelekezwa kutoka juu. Mbinu hiyo ina hatua tatu. Kwanza hutobolewa tundu jembamba linaloongozwa chini ya mto hadi ng'ambo. Kisha kipanuzi huvutwa kurudi kikilipanua tundu. Mwishowe bomba huvutwa kupitia humo, huku tope la udongo maalumu likizuia kuta zisiporomoke.

Kwa tundu la kwanza Kiswahili kina hazina. Rubani, kabla ya kupanda ndege, alikuwa mtu wa baharini aliyekiongoza chombo kuingia bandari ngeni kati ya miamba. Tundu rubani ni lile linalotangulia na kuonyesha njia, na istilahi hiyo inalirudisha neno nyumbani kwake. Neno tundu nalo limechaguliwa kwa makini. Shimo lina mwisho chini, tundu hutokeza upande wa pili. Vivyo hivyo chimba na toboa: aliyechimba ana shimo, aliyetoboa ana njia. Useremala wa majahazi ulikuwa na kekee, iliyozungushwa kwa uta ili kutoboa mbao, na kitenzi pekecha kilihusu mzunguko huo huo. Utoboaji elekezi, kwa hiyo, ni jina lenye uangavu wa kutosha.

Mwaka 1971 Eric Wood aliukarabati mfereji wa matofali wa majitaka, wenye umri wa takriban miaka 100, katika eneo la Hackney, London. Alitumia mfuko mrefu wa kitambaa kilicholoweshwa gundi ya kemikali. Mfuko huo uliingizwa ndani, ukabanwa kwenye kuta, ukakauka na kuwa bomba jipya ndani ya la zamani. Mafundi wa baadaye huupindua mfuko kwa nguvu ya maji kama foronya inayogeuzwa ndani nje. Wanaotafsiri huandika "uwekaji wa tabaka la ndani", jambo ambalo ni kweli lakini halina sura. Fundi cherehani yeyote wa Kariakoo ana neno bora: bitana. Bitana ni kitambaa cha ndani ya koti, na asili yake ya Kiarabu inahusiana na tumbo, yaani upande wa ndani. Kwa kuwa kitu chenyewe ni kitambaa, kutia bomba bitana hakuhitaji hata kuitwa sitiari.

Mbinu ya kulivunja bomba kuukuu kwa ndani huku jipya likivutwa nyuma yake iliendelezwa Uingereza kwa mabomba ya gesi ya chuma. Jina lake limebaki kuwa tatizo, kwa sababu upasuaji umekwishachukuliwa na madaktari, na tangazo kwamba bomba limepasuka ni habari mbaya kwa mtaa mzima. "Ubadilishaji kwa kuvunja" ni refu, ila halimtishi mtu.

Mkatizo

Dhana moja ya taaluma hii inadai jina la Kiswahili kwa dharura kuliko nyingine. Anayetoboa bila kupasua ardhi haoni anachokitoboa. Tarehe 29 Agosti 1976, katika mji wa Kenosha, jimbo la Wisconsin, nyumba ililipuka na watu wawili wakafa. Uchunguzi uligundua kwamba bomba la gesi lilipopitishwa kwa kutoboa lilipenya katikati ya bomba la majitaka pasipo mtu kujua. Bomba la majitaka lilipokuja kuzibuliwa kwa zana inayozunguka, zana hiyo ililitoboa lile la gesi, na gesi ikafuata njia ya majitaka hadi ndani. Tangu hapo Wamarekani wana neno maalumu kwa hali ya bomba kulikatiza bomba jingine kwa ndani, na katika kazi za uangalifu kamera hupitishwa ndani ya majitaka utoboaji unapokamilika.

Kiswahili kinacho kitenzi kukatiza, kupita katikati ya kitu kwa kukingama, na mkatizo ni nomino inayozaliwa humo bila kulazimishwa. Haja yake ni ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni mzibuaji anayefunua chemba na kuingiza waya wake, ambaye hazungumzi lugha ya ramani zilizochorwa na mshauri wa kigeni. Wa pili ni hakimu. Kwa marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara. Shauri la nyumba iliyoharibiwa na bomba lililopitishwa chini yake litaandikwa kwa lugha hiyo, na swali la kwanza la wakili litakuwa iwapo mkandarasi alilaza au alipenyeza, na iwapo mahali pa mkatizo palikaguliwa kabla ya mashimo ya kuanzia na kupokelea kufukiwa.